UZI: Mkanda wa meno kwa roboti ya magurudumu. Anza na puli ya gurudumu, mota itafuata

#1 Gurudumu_Nne

Wakuu, salaam.

Vijana wengi wanaojenga roboti za magurudumu nyumbani wananunua mota kwanza, kisha wanatafuta mkanda, na puli wanachukua yoyote inayoingia kwenye shafti. Roboti inatembea vizuri ikiwa imening'inizwa mezani. Ikishushwa sakafuni na mzigo wake, mkanda unaruka meno kila inapokata kona. Lawama zote anabebeshwa mkanda, unanunuliwa mpana zaidi, nao unaruka vilevile. Inaniuma kuona mtu anatupa hela yake ya akiba kwa tatizo ambalo kalamu na karatasi zingelimaliza mapema.

Hoja yangu ni moja: kinachoamua maisha ya mkanda ni ukubwa wa puli iliyo kwenye gurudumu. Anzia pale, urudi nyuma taratibu hadi kwenye mota.

Tuchukue roboti ya kubeba vitu ndani ya jengo, vitabu au vifaa vya maabara. Uzito kilo 20 pamoja na betri na mzigo. Magurudumu manne ya mpira, kipenyo milimita 200. Kila upande una mota moja ya waipa ya gari. Mkanda wa kwanza unatoka mota kwenda gurudumu la nyuma, mkanda wa pili unatoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele. Kona inakatwa kwa upande mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma.

Swali la kwanza ni hili: siku mambo yakiwa magumu kabisa, mkanda utavutwa kwa nguvu kiasi gani? Wengi wanasoma nguvu ya mota. Mimi nasoma sakafu, kwa sababu gurudumu haliwezi kusukuma zaidi ya msuguano unavyoruhusu. Likipita hapo linateleza.

Kilo 20 × 9.81 ni nyutoni 196. Mpira juu ya saruji kavu chukua msuguano wa 0.7, unapata nyutoni 137. Kila upande unabeba nusu, karibu 69. Zidisha kwa nusu kipenyo cha gurudumu, mita 0.1, unapata nyutoni-mita 6.9. Sakafu haitadai zaidi ya hapo kwa upande mmoja, hata ukifunga mota ya lori.

Sasa gawa hiyo 6.9 kwa nusu kipenyo cha puli ya gurudumu. Jibu ndilo mvuto wa mkanda, na hapa ndipo watu wengi wanapoangukia.

Kipenyo cha puli kwa mahesabu ni pichi (umbali kutoka jino hadi jino) mara idadi ya meno, gawanya kwa 3.14. Puli ya GT2 ya meno 20, ile ya kwenye printa za 3D, ina pichi ya milimita 2, kwa hiyo kipenyo chake ni milimita 12.7. Nusu yake ni 6.37. Gawa 6.9 kwa 0.00637: mkanda unatakiwa kuvuta zaidi ya nyutoni 1,080. Mkanda wenyewe wa GT2 wenye upana wa milimita 6 unastahili kufanya kazi kwenye nyutoni 26 hivi. Hapo hakuna mjadala.

Majedwali ya watengenezaji huandika mvuto wa kufanyia kazi kwa upana wa inchi 1, yaani milimita 25.4. GT2 ya pichi 2 ni nyutoni 111. HTD 3M (HTD ni aina ya mkanda, 3M ni pichi ya milimita 3) ni 285. HTD 5M ni 454. Ukitaka wa upana wako, punguza kwa uwiano. HTD 5M ya upana wa milimita 15 inakupa karibu 268.

Roboti yetu ikiwa na puli ya 5M ya meno 20 kwenye gurudumu (nusu kipenyo milimita 15.9), mvuto ni 434. Haifai. Weka meno 40, nusu kipenyo kinakuwa 31.8, mvuto unashuka hadi 217. Inafaa, tena hiyo 217 ni pale tu magurudumu yanapokaribia kuteleza. Ikitembea sakafu tambarare inatumia sehemu ndogo sana.

Mkanda ni uleule, mota ileile. Kilichobadilika ni puli.

Mkanda wa pili, wa nyuma kwenda mbele, unabeba gurudumu moja tu, kwa hiyo nusu ya mzigo. Ungeweza kutumia upana wa milimita 9. Mimi ningeweka 15 pande zote ili akiba iwe ya aina moja.

Kwa nini 5M na si nyingine? HTD 3M ya upana wa 15 ina 168 tu, na kwa roboti hii ingedai puli ya meno zaidi ya 80. Halafu 5M inapatikana. Timu za wanafunzi za mashindano ya FIRST kule Marekani wanaitumia kwa upana wa 9 na 15 kwenye roboti zinazozidi kilo 50, kwa hiyo puli, michoro na uzoefu vimejaa mtandaoni. Pikipiki ndogo za umeme za kusimamia nazo zinatumia mikanda ya 3M na 5M, ndiyo maana utaiona ikiuzwa mmoja mmoja kama spea.

Namba kwenye mkanda zisomeni hivi: 535-5M-15 ni urefu milimita 535, pichi 5, upana 15. Meno yake ni 535 ÷ 5 = 107. Na 384-3M-12 ni meno 128, upana 12.

Maswali karibuni.

#2 Binti_Saketi

Ahsante sana mkuu kwa uzi. Mimi nina mikanda ya GT2 ya milimita 6 na puli za meno 20 nilizotoa kwenye printa ya 3D iliyoharibika. Roboti yangu ni ndogo, kilo 2 tu, magurudumu ni yale ya plastiki ya njano ya milimita 65. Nayo haifai?

#3 Gurudumu_Nne

Dada, tufanye hesabu yako. Kilo 2 × 9.81 × 0.7 ni nyutoni 13.7. Nusu yake 6.9 kwa kila upande. Mara mita 0.0325 unapata nyutoni-mita 0.22. Kwa puli ya meno 20 mvuto ni nyutoni 35. Umezidi ile 26, lakini si kwa mbali, kwa hiyo itatembea na kukudanganya siku za mwanzo, kisha itaanza kuruka.

Tafuta puli ya meno 40 ya GT2 kwa upande wa gurudumu. Mvuto unashuka hadi 17 na pointi. Ukipata ya meno 60 ni bora zaidi: kipenyo chake ni milimita 38, gurudumu lako ni 65, bado inabaki nafasi chini isiguse sakafu. Zile za meno 20 ziache upande wa mota. Utapata na faida ya kupunguza mwendo mara 2 au mara 3, na nguvu inaongezeka kwa kiasi hichohicho.

Tahadhari moja tu. Ukiweka puli ndogo na kubwa pamoja, hakikisha puli ndogo imeshikwa na meno yasiyopungua 6 kwa wakati mmoja. Chini ya 6 uwezo wa mkanda unapungua. Ukizisogeza karibu mno ndipo tatizo linapoanza. Umbali ukiwa wa kawaida hutafika huko.

#4 Mzee_wa_Lezi

Wanangu, mmeongea mkanda, sasa nani anaishika puli kwenye shafti?

Mimi nachonga vyuma. Vijana wanaleta puli za alumini zina zile skrubu mbili ndogo za alenki pembeni. Skrubu hiyo inashika kwa ncha tu. Kwenye printa inatosha kwa sababu mzigo ni mdogo. Kwenye gurudumu la roboti ya kilo 20, inayokwenda mbele na kurudi nyuma kila dakika, inalegea na kuchora mfereji kuizunguka shafti. Ukija kuitoa puli haitoki, mpaka uipige nyundo, na ukiipiga nyundo umeipinda.

Njia iliyo bora: usipitishe nguvu kwenye shafti kabisa. Ekseli isizunguke, iwe imefungwa kwenye fremu kwa nati pande zote mbili. Gurudumu lizunguke juu yake kwa beringi mbili. Puli ifungwe kwenye habu ya gurudumu kwa bolti nne au sita za M4 au M5. Hapo mkanda unazungusha puli, puli inazungusha gurudumu moja kwa moja. Hakuna skrubu wala kii. Kuzitoboa bolti hizo kwa mduara sawasawa na katikati ya puli ndiyo kazi ya lezi, usiifanye kwa jicho.

Beringi tumia 6201, tundu milimita 12, nje 32, unene 10. Zipo kila duka la beringi. Za 608 za milimita 8 kwa uzito huo zitabeba, lakini ekseli ya 8 ikigonga kizingiti inapinda.

Halafu hizo mota za waipa. Ncha ya shafti yake ni ya mteremko, ina mistari midogo imeizunguka na uzi wa nati mbele. Usiikate. Chukua ule mkono mfupi wa chuma uliokuja na mota, ule unaosukuma vyuma vya waipa. Tundu lake limeshabeba mistari inayooana na shafti. Ukate, uchomelee sahani ya duara, sahani ifungwe na puli. Ukiwa na mota bila mkono wake, rudi ulikoinunua ukautafute.

#5 Binti_Saketi

Shikamoo mzee. Na upande wa ncha ya nje ya shafti ya mota, puli ikikaa mbali na gia kuna shida?

#6 Mzee_wa_Lezi

Marahaba binti yangu. Shida ipo. Mkanda unavuta pembeni muda wote, hata roboti ikiwa imesimama, kwa sababu umekazwa. Mota ya waipa ndani ina bushi, haikutengenezwa kuvutwa pembeni. Puli iwe karibu na boksi la gia kadiri bolti zinavyoruhusu. Kama huwezi, weka beringi ya kuishika ncha ya nje, ikae kwenye breketi iliyofungwa kwenye fremu ileile inayobeba mota. Isiwe fremu nyingine, maana zikicheza tofauti utavunja shafti.

#7 Kirinyaga_Spares

Salamu kutoka Nairobi. Uzi mzuri huu. Swali langu kwa mwenye uzi: kwa nini mtu aagize mikanda kutoka nje na asubiri, na hapa Kirinyaga Road mikanda ya taimingi ya magari imejaa, pamoja na gia zake? Hata nyinyi Dar si mko na Gerezani?

Tena ukinunua ile seti ya gari, gia ya krenki na ya kamshafti, tayari uko na upunguzaji wa mara 2. Injini ya mipigo minne lazima kamshafti izunguke mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hivyo meno ya moja ni maradufu ya nyingine. Ni kazi ya watengenezaji magari, imepimwa, na ni bei ya spea ya mtumba.

Swali la pili: mnyororo wa baiskeli umekosa nini?

#8 Gurudumu_Nne

Karibu sana kaka. Maswali yote mawili ni ya maana.

Mkanda wa gari una pichi ya milimita 8 au ile ya zamani ya 9.525. Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na mkanda wa meno kwenye kamshafti ni Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962, na tangu hapo mikanda hiyo imeimarishwa sana. Kwa nguvu haina mpinzani kwenye roboti zetu. Ila ni minene na migumu kupinda. Gia ya meno 40 kwa pichi ya 8 ina kipenyo cha karibu milimita 102. Kwenye gurudumu la 200 inaingia, lakini pamoja na chuma chake unabeba uzito mwingi kwa roboti ya kilo 20, na mkanda mgumu unakula umeme wa betri bila sababu.

Ukijenga roboti ya shamba ya kilo 80 na zaidi, hapo nakuunga mkono kabisa. Nenda na gia zako mkononi, na muuzaji akuonyeshe mkanda wa gari lilelile zilikotoka gia. Usichanganye, kwa sababu meno yanatofautiana umbo baina ya injini na injini hata pichi ikilingana.

Mnyororo wa baiskeli: pichi yake milimita 12.7, unapatikana hadi kijijini, unavumilia magurudumu yasiyonyooka vizuri, unakatwa na kuungwa kwa urefu unaotaka. Kwa matope na shamba ningeuchagua mnyororo bila kusita. Lakini unataka mafuta, mafuta yanakamata vumbi, na roboti ya ndani inachafua sakafu za watu. Una kelele. Na kubwa kwangu: unalegea unapotumika, kwa hiyo kila roboti inapogeuza mwelekeo kuna nafasi ambayo mota inazunguka na gurudumu halijaanza. Ukiwa na enkoda kwenye mota unayotegemea kujua roboti imetembea umbali gani, ile nafasi inakuharibia hesabu kila kona.

Kwa hilo hata mikanda haifanani. GT2 ina meno yanayokaa kwenye puli kwa kubana vizuri zaidi kuliko HTD, kwa hiyo HTD ina kucheza kidogo. Kwa roboti ya kilo 20 kucheza huko ni kudogo mno ukilinganisha na mpira wa gurudumu unavyopinda. Usipoteze usingizi.

#9 Kirinyaga_Spares

Nimekuelewa mkubwa. Yangu ni ya shamba kweli, kwa hivyo gia za gari ninabaki nazo. Hiyo ya meno kutofautiana umbo sikuwa naijua.

#10 Fotokopi_Magomeni

Wakuu mimi natengeneza mashine za fotokopi na printa. Mikanda midogo ya meno ninayo ndoo nzima, na puli zake. Vijana wanakuja kuchukua kwa ajili ya roboti lakini wanalalamika mkanda na puli havikubaliani. Nawasaidiaje kuijua ni ya aina gani?

#11 Gurudumu_Nne

Mkuu, hii ndoo yako ni mali. Fanya hivi.

Usipime jino moja, pima meno mengi. Nyoosha mkanda kwenye rula, hesabu nafasi 50 kutoka katikati ya jino hadi katikati ya jino. Ikiwa milimita 100 kamili, pichi ni 2. Ikiwa 101.6, hiyo ni MXL, pichi yake 2.032. Tofauti hiyo ya pichi huioni kwa macho, na ukiweka mkanda wa MXL kwenye puli ya GT2 unaingia vizuri kabisa meno matatu ya mwanzo. Kufika jino la kumi umeshaachana na puli kwa milimita 0.32, na mkanda unaanza kupanda juu ya meno. Hapo ndipo vijana wako wanapolalamikia.

Kisa kilekile kipo kwa mikubwa: T5 ni pichi 5, XL ni 5.08. Nafasi 20 zinakupa 100 au 101.6.

Baada ya kupima, tazama umbo. T5 na HTD 5M zote ni pichi 5, rula haitakusaidia. T5 ina jino lenye pande zilizonyooka, kichwa bapa. HTD ina jino la mviringo. Zikichanganywa zinatafunana.

Puli nazo pima kwa venia (kile kipimo cha taya mbili), lakini kumbuka kipenyo cha nje ni kidogo kuliko kile cha mahesabu, kwa sababu nyuzi zinazobeba mvuto ndani ya mkanda zinakaa juu ya meno ya puli. Kwa GT2 tofauti ni karibu milimita 0.51, kwa 3M ni 0.76, kwa 5M ni 1.14. Kwa hiyo puli ya GT2 ya meno 20 venia itasoma 12.2, na ile 5M ya meno 40 itasoma 62.5. Ukipima nje ukasahau tofauti hiyo utaipa puli jina lisilo lake.

Na tafadhali iandike kila mfuko. Utawaokoa vijana wengi.

#12 Fotokopi_Magomeni

Nimepima wa kwanza hapa hapa dukani: nafasi 50 ni 101.6 na kitu. MXL. Nimeelewa kwa nini walikuwa wanarudi. Kesho naanza kuweka lebo.

Niongeze moja: wasiikunje mikanda mfukoni. Ndani kuna nyuzi za glasi. Ukiikunja kwa kidole mpaka ikavunjika kona, nje utaona mzima, lakini nyuzi zimeshakatika pale, na ndipo itakapokatikia.

#13 Dodoma_3D

Heshima kwenu wakuu. Nina printa ya 3D. Naweza kuchapa puli za 5M badala ya kununua? Za alumini zina bei kuliko mkanda wenyewe. Na je, mkanda ukazwe kiasi gani? Kila mtu anasema lake.

#14 Gurudumu_Nne

Unaweza, na kwa puli za meno 30 na kuendelea ningekushauri ufanye hivyo. Kadiri puli inavyokuwa kubwa, mzigo unagawanyika kwenye meno mengi, na jino la 5M ni nene, printa inalitoa vizuri. GT2 ya kuchapa siipendi, jino ni dogo kuliko uwezo wa nozeli ya kawaida ya 0.4 kulichora sawasawa.

Kuta ziwe nyingi, tano au sita, ili meno yote yawe yamejaa plastiki. Puli ilale bapa wakati wa kuchapa. PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa, inaanza kulainika karibu nyuzi joto 60, na gari lililofungwa vioo juani linaikaribia hiyo, kwa hiyo ukiweza chapa kwa PETG, plastiki inayovumilia joto zaidi. Ukingo wa pembeni wa kuzuia mkanda usitoke uchape kama sahani ya pekee, uifunge kwa zilezile bolti alizosema Mzee. Si lazima kila puli iwe na kingo mbili. Puli moja kwa kila mkanda ikiwa nazo pande zote inatosha, mradi puli zimenyooka.

Kunyooka ndiko kunakoua mikanda kimyakimya. Chukua ubapa wa chuma au alumini ulionyooka, ubandike kwenye uso wa puli zote mbili. Uguse sehemu nne. Ukigusa tatu, sogeza. Mkanda unaopanda ukingo upande mmoja na kuacha unga mweusi umeshakueleza.

Kuhusu kukaza. Bonyeza katikati ya sehemu iliyonyooka kwa kidole, nguvu ya wastani. Ushuke karibu 1/64 ya urefu wa sehemu hiyo. Sehemu ya milimita 200 ishuke kama milimita 3. Usikaze mpaka ulie kama waya wa gitaa: kila unachoongeza kinahamia kwenye beringi na bushi za mota.

Na hili watu wanakosea kwa kuiga mashine nyingine: usitumie puli ya kukazia yenye springi. Springi inafaa pale mashine inapozunguka upande mmoja tu, ikae upande uliolegea. Roboti inarudi nyuma. Ikigeuka, upande uliokuwa umelegea ndio unaovuta, springi inasalimu amri na mkanda unaruka. Kukazia kuwe kwa kufunga: mota ikae kwenye matundu marefu, isukumwe kwa bolti moja ya kukazia, kisha bolti nne zifungwe. Kwa mkanda wa gurudumu hadi gurudumu, weka beringi mbili ndogo kando kwa kando kama puli laini, zibonyeze mgongo wa mkanda, nazo zifungwe mahali pake.

#15 Dodoma_3D

Ahsante mkuu. Yangu ni ndefu na nyembamba, urefu kati ya magurudumu sentimita 60, upana sentimita 30, ili ipite milangoni. Kona inakata kwa shida mno. Ni mkanda au mota?

#16 Gurudumu_Nne

Wala si mkanda, wala si mota. Ni umbo.

Roboti ya namna hii ikigeuka palepale, magurudumu yote manne yanaburuzwa kwa ubavu. Ukifanya hesabu, nguvu inayotakiwa kila upande ni msuguano mara uzito mara urefu kati ya magurudumu, gawanya kwa mara mbili ya upana. Urefu ukilingana na upana, kila upande unadaiwa nusu ya msuguano wote, yaani kile kilele chote nilichokihesabu kwenye #1. Yako urefu ni mara mbili ya upana, inadaiwa mara mbili ya kinachowezekana. Haiwezi kugeuka kwa usalama hata ufunge mkanda wa chuma. Inageuka kwa kurukaruka, na kila mruko ni pigo kwenye meno ya mkanda.

Una njia mbili. Ongeza gurudumu la tatu katikati kila upande, likae chini kwa milimita 3 kuliko ya mbele na nyuma. Wakati wa kugeuka roboti inakalia yale ya kati na jozi moja ya pembeni, na urefu unaoburuzwa unakuwa nusu. Timu za FIRST wanafanya hivyo kwa miaka mingi. Au toa mkanda wa mbele kabisa, weka mbele magurudumu yanayojigeuza yenyewe kama ya kitanda cha hospitali, uendeshe ya nyuma tu. Kwa ndani ya jengo, sakafu tambarare, ningekwenda na hii ya pili. Unapunguza mikanda miwili, puli nne na matatizo yake.

#17 Dodoma_3D

Ya pili imenishawishi. Naivunja mbele kesho.

#18 Umeme_Mbagala

Niongeze kidogo kwenye mota za waipa kabla hamjafunga. Nyingi zake hasi inapitia kwenye bodi ya mota yenyewe. Ukiifunga kwenye fremu ya chuma na ukataka kugeuza mwelekeo kwa kubadilisha chanya na hasi, fremu nzima inakuwa chanya, na mota mbili zikienda tofauti umepiga shoti. Pima kwa mita kati ya bodi na waya. Kama zimeungana, ifungue ndani uitenge hasi uitoe kwa waya wake, au mota ikae juu ya sahani ya plastiki ngumu na bolti zenye bushi za plastiki. Ukichagua sahani ya plastiki iwe nene, isije ikapinda mkanda ukivuta.

#19 Gurudumu_Nne

Umenena mkuu. Na iwe nene kweli, ile 217 inavuta upande mmoja tu wa sahani.

#20 Binti_Saketi

Nimeamua kujenga na ya kilo 20 kwa ajili ya maktaba ya shule tunayofundisha watoto. Nimeandika hivi, naomba mnikosoe: magurudumu ya milimita 200, ekseli ya milimita 12 isiyozunguka, beringi 6201 mbili kwa kila gurudumu, puli za 5M meno 40 za kuchapa kwa PETG zimefungwa kwenye habu kwa bolti sita, mota ya waipa na puli ya meno 40 pia, mkanda wa 15. Mbele magurudumu ya kujigeuza. Nimeshaweka alama umbali wa mota hadi ekseli, milimita 180, kesho natoboa.

#21 Gurudumu_Nne

Dada, vyote viko sawa. Mota ya waipa ikizunguka mara 60 kwa dakika, uwiano wa 1:1 unakupa mita 0.63 kwa sekunde, taratibu kuliko mtu anayetembea. Kwenye maktaba yenye watoto ndivyo itakiwavyo.

Drili iweke chini kwanza. Umbali usiuchague wewe, uchaguliwe na mkanda unaopatikana. Puli zikiwa sawa, urefu wa mkanda ni mara mbili ya umbali, jumlisha meno ya puli moja mara pichi. Kwa 180 unahitaji 360 + 200 = milimita 560. Kama mkanda utakaoupata ni 535-5M-15, umbali wako ni 535 toa 200, gawa kwa 2: milimita 167.5. Kama utapata 600-5M-15, umbali ni 200 kamili. Nunua mkanda, ushike mkononi, hesabu meno yake, ndipo uweke alama. Matundu ya mota yafanye marefu, milimita 5 kila upande wa alama, ili upate pa kukazia na pa kuvulia mkanda bila kuulazimisha kupanda ukingo wa puli.

#22 Binti_Saketi

Sawa mkuu. Nimepata wa 535 kwa muuza spea za pikipiki za umeme, nimehesabu meno 107. Nafuta alama, naweka 167.5.

#23 Mzee_wa_Lezi

Binti, ukimaliza kuchapa hizo puli usitoboe matundu ya bolti mwenyewe. Njoo nazo pamoja na habu, tutazitoboa zikiwa zimebanwa pamoja.